Mlalamikaji wa Alfajiri

"Upigeni tena wimbo huo," mzee aliamuru katika simu, "watu wausikie kwa masikio yao jinsi ulivyo mbaya."

Mtangazaji wa kipindi cha alfajiri redioni akaupiga tena. Angefanya nini? Msikilizaji ni mfalme, hata akiwa mfalme mwenye nongwa. Gitaa likanguruma kama simba aliyekanyagwa mkia, na mji ukaamshwa kwa mara ya pili na binti ajiitaye Cheche.

Albamu ya Cheche ilikuwa ndiyo kwanza imetoka: nyimbo kumi za roki, alizozitunga na kuziimba mwenyewe. Jaladani uso wake umefunikwa na nywele, na mahojiano hayataki. Mhakiki wa gazeti aliifananisha na mvua ya mawe juu ya bati. Madukani ilikaa ikila vumbi. Mtangazaji ndiye pekee aliyeipenda, hata akathubutu kuitangaza kuwa albamu ya mwezi. Na kuanzia siku hiyo mzee yule asiyemjua akaanza kupiga simu.

Hakukosa hata asubuhi moja. Hakutukana wala hakupayuka. Aliisema albamu kwa sauti ya chini, kavu, kama mtu atetaye karibu na dirisha la anayetetwa. Akishamaliza huagiza wimbo upigwe, kisha hukata simu ghafla.

"Gitaa hilo limeninyima usingizi miaka na miaka," alisema siku moja.

"Mzee wangu, albamu haijatimiza hata mwezi."

"Basi hesabu yako na yangu ni mbalimbali. Pigeni wa nne."

Watu wakaanza kumngojea kama wangojeavyo chai ya asubuhi. Wengine walipiga simu kumtetea Cheche, wengine kumwunga mkono mzee, na wote wakataka wimbo urudiwe ili wajue wanachokigombea.

Ilipofika Jumatano, mzee aliushambulia wimbo ambao mtangazaji aliupenda kuliko zote, "Mlango Msiri". Humo msichana anatoroka nyumbani, gitaa mgongoni, watu wote wamelala, naye anaushukuru mlango wa nyuma kwa kutomsengenya.

"Porojo tupu," mzee alisema. "Mlango wa mbao na bawaba kuukuu hauna hisani na mtu. Usipolia, ujue umetiwa mafuta. Huyo msichana aliwahi kujiuliza ni nani aliyezitia mafuta bawaba?"

"Mzee, huo ni wimbo tu."

"Ndiyo maana nasema upigeni. Watu wauone ujinga wa vijana."

Mtangazaji alizima kipaza sauti ili acheke kwa nafasi. Nyimbo zimekwisha, sasa zinasutwa bawaba.

Kicheko kilimkauka alipoitwa ofisini. Mkurugenzi wa kituo alikuwa mtu wa kuogopa hata kivuli cha lawama.

"Mzee mmoja akilalamika, nyuma yake wamo mia walionyamaza," alisema, akifuta miwani kwa ncha ya tai. "Akilalamika tena kesho, hiyo albamu inatoka hewani. Na wewe nitakuhamishia kwenye matangazo ya vifo. Huko hakuna anayelalamika."

"Lakini bosi, watu wanaipenda."

"Wanaoipenda hawajanipigia mimi."

Hapakuwa na kituo kingine kilichoipiga albamu ile. Ikitoka hapa, imezikwa, na mwenye gitaa lake akatafute kazi nyingine. Mtangazaji akaitafuta namba ya mzee katika simu ya studio, akampigia, akaomba waonane.

"Njoo asubuhi hii hii," mzee alinong'ona. "Pitia uani, na usibishe hodi. Nitakuona."

Mtangazaji alipita katikati ya kamba za nguo zilizoanikwa, akiyapanga maneno yake kama mtu aendaye kuposa. Mlangoni akainua mkono, akakumbuka sharti, akaushusha. Alipotupa macho mbele, mlango ulikuwa wazi na mzee amekwisha simama kizingitini, mkanda wa kupimia nguo shingoni, ananukia mafuta ya cherehani. Mtangazaji hakusikia ulipofunguliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sema polepole."

"Mzee wangu, nimekuja kuomba. Kuichukia albamu ile ni haki yako, sikunyang'anyi. Lakini ukilalamika tena kesho, mkurugenzi ataitoa hewani, na hakuna mwingine anayeipiga. Mhurumie binti wa watu. Hiyo ndiyo riziki yake."

Mzee akaushika mwimo wa mlango. Uso ulimsawijika.

"Aitoe? Nani kamwambia aitoe? Mimi kila siku nasema ipigwe."

"Unasema ni mbaya, mzee."

"Na ningeisifu, ungeipiga mara ngapi?"

Kabla mtangazaji hajajibu, sauti ilitoka chumba cha ndani, nzito kwa usingizi, yenye mkwaruzo ule ule aliouamshia mji kila alfajiri.

"Nani huyo, baba?"

Mzee akaweka kidole mdomoni.

"Mgeni wangu tu. Lala," alijibu kwa kugeuza shingo. Kisha akamwinamia mtangazaji. "Kesho nitapiga kutubu," alinong'ona. "Wewe uupige ule wa mlango."

Akaurudisha mlango taratibu. Haukulia.