Vijidudu vya Mize

Vijidudu vilivyomtengenezea Mize insulini tumboni viliishi kwa matone ya dawa ya kila asubuhi. Ukiacha matone, vinakufa; ndivyo vilivyoumbwa. Mize alipovichoka akaacha, arudie sindano. Wiki zikapita kabla hajaanza sindano, na sukari yake haikupanda. Akamshukuru Mungu, asimwambie mtu.

Adhuhuri moja mumewe Kombo, asiyewahi kuugua kisukari, alirudi kutoka shamba akitetemeka, jasho likimtiririka. Mize akampima. Sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Akamnywesha chai iliyokolea sukari.

“Umenipa nini, Mize?”

“Sikukupa kitu. Tunakula sahani moja tu.”

Mize akavikumbuka vijidudu vyake, ambavyo pengine havikufa. Wote wawili wakamgeukia binti yao, aliyekula nao sahani hiyo.

“Siti, lete kidole.”

“Lakini mimi siumwi, mama.”

Kipimo kilisoma chini kuliko cha baba yake.

“Kunywa chai, mwanangu,” Mize akasema. “Kunywa yote.”