Mazoezi ya Karunguyeye

Alikuwapo Karunguyeye mgonjwa wa moyo, aliyeishi katika shimo jembamba. Kila asubuhi alilala chali, akainua mguu mmoja mmoja taratibu, na pumzi ikimpaa alipumzika.

"Hayo ni mazoezi, au unajikuna?" jirani yake Ngiri alimcheka akipita mbio. Karunguyeye aliumia, lakini hakuacha.

Masika yalipoingia, Ngiri aliteleza akavunjika mguu. Alilala shimoni mwake mpaka mwili ukamlegea, asiweze hata kujigeuza. Karunguyeye akaenda kumjulia hali.

"Nifanyeje, jirani? Humu hata pa kuzungukia hapana."

"Pa kulala chali papo."

Ngiri akauliza kwa aibu, "Naanza na mguu upi?"

"Ule usiouma."