Figo la Shemeji

"Figo linafanya kazi vizuri," daktari alimwambia Kitwana, akitazama majibu ya damu. "Ila jeni za chembe zako za kinga zimeanza kuamka. Mwili unajiandaa kulikataa. Tumewahi, tunaongeza dawa leo."

Kitwana hakuwa na maumivu yoyote. Mwanaidi, shemeji yake aliyempa figo hilo, alicheka huku machozi yakimlengalenga.

"Kumbe hili figo, mwanangu, nimemwoza kwa watu wa maneno!"

Kisha akainama karibu na kovu lililofichwa na shati la Kitwana, akasema kwa adabu, "Wakwe zangu, hana pengine pa kwenda. Mpokeeni."

Kitwana akafumba macho. Ndani yake palikuwa kama nyumba ya watu wengi wanaonong'ona, na mmoja wao akasogea kwenye mkeka, labda ampishe mgeni, labda ainuke amfukuze.