Mishikaki ya Peremende ya Kima

Kima mwenye makuu alikuwa anamwoza bintiye. Alitaka peremende laini zitungwe kama mishikaki, ila vijiti hakuwa navyo. Nungunungu, jirani asiyejua kukataa, akajing'oa miiba arobaini, akaiosha na kutunga mwenyewe mpaka sinia likajaa.

Wageni walipofika, Kima alimzuia mlangoni. "Shoga, wewe kaa jikoni. Miiba yako itawatisha watu."

Nungunungu akachungulia ukumbini. Kila mgeni alikuwa na mwiba mkononi, anatafuna peremende na kumsifu Kima.

Akaingia bila hodi, akapita kwa mmoja mmoja akiichomoa miiba yake, peremende zikidondoka sakafuni.

"Unafanya nini wewe?" Kima akafoka.

"Nawaondolea wageni wako kinachowatisha," akajibu, akaenda zake.