Mama Hajashiba

Moshi wa ubani ulikuwa umetanda ghorofani kama ukungu usio na haraka. Kun-hai, mwenye jumba la kuhifadhia majivu ya wafu, alikuwa akipita mbio kwenda chini kwa wateja waliokuja kununua vishubaka vya kuwekea majivu ya wazee wao, aliposikia vipande viwili vya mbao, vile vya kuwaulizia wafu, vikianguka sakafuni.

Mjane mmoja alikuwa amepiga magoti, si mbele ya kishubaka cha marehemu mumewe, bali mbele ya kile cha pembeni yake: cha mama yake Kun-hai. Alikuwa amemwekea machungwa.

"Namuuliza kama ameshiba, ananikatalia tangu asubuhi," alisema. "Mamako mbishi."

"Yaondoe tu, bibi. Hatakasirika."

"Muulize mwenyewe."

Kun-hai akaviokota vile vipande, bado vina joto la mikono ya mjane. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, marehemu ameshiba. Akarusha. Vyote kifudifudi. Akarusha tena. Vyote kifudifudi.

"Mara ya mwisho ulikula naye lini?" mjane akamuuliza.

Kengele ya mapokezi ililia huko chini, ikalia tena, kisha ikachoka.

Kun-hai akavua koti, akaketi sakafuni, akaanza kumenya chungwa.