Kiganja cha Bi Mwanakheri

Tangu daktari alipomwambia presha imepanda, aache chumvi, Bi Mwanakheri alikula amenuna. Yeye, mpishi wa harusi za mji mzima, alishwe chakula cha mgonjwa! Leo aligoma kabisa.

"Mama, onja tu," mkaza mwanawe Zamda alimbembeleza, akamshikisha mwiko.

Bi Mwanakheri akadondosha mchuzi kiganjani, kama alivyozoea jikoni, akaulamba. Nyanya ilikuwa tamu. Nazi nayo ikafuata taratibu, na utamu wake mwingine kabisa.

"Umetia nini humu?"

"Sijatia kitu, mama. Hata chumvi."

Miaka yote aliyosifiwa kwa mapishi, kumbe nyanya hakuwahi kuijua! Machozi yakamlenga. Akakinga kiganja tena, na safari hii akafumba macho.