Mtihani wa Kijerumani Sebuleni kwa Mzee Oswald

Mzee Baltazar alifumba macho, akainua mikono, akaanza kushusha Kijerumani. Sebule yote ya Mzee Oswald pale Ruhuwiko ikamgeukia. Saimon, kijana aliyekuja kumposa Careen, aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Mtihani huu aliutaka Mzee Oswald, baba yake Careen. Saimon alisema amesomea udaktari wa mifugo Ujerumani, kule Leipzig, na kwamba mwaka wa kwanza wote walifundishwa lugha tu, wageni watupu darasani, kila mmoja na lafudhi ya kwao. Mzee hakumwamini. Mtu gani anatoka Ulaya na baiskeli na sanduku la vitabu? Tena kijana alisimulia bila aibu kwamba huko chuoni alikula viazi mchana na jioni, na likizo aliosha vyombo hotelini. Wenzake waliokwenda nje walirudi na pikapu, au basi hata friji.

Cheti alikuwa nacho, kimejaa mihuri. Lakini tangu biashara ziachiwe huria mjini kulipatikana kila kitu, na mihuri pia. Edna, binamu yake Careen, aliolewa kwa shangwe na injinia wa Ulaya, kumbe Ulaya ya bwana yule ilikuwa Ndola, nchi jirani tu, akiuza mitumba. Mzee Oswald aliapa hachezewi tena mtu wa nyumba hii.

Ndipo akamkumbuka Mzee Baltazar wa Mshangano. Huyu ujana wake aliumalizia misheni, kwa mapadre Wajerumani, na hakuna asiyejua kwamba Kijerumani anakimwaga kama maji. Alipoitwa alisingizia goti, mara shamba, mara goti tena, lakini Oswald alimfuata mpaka mlangoni kwake. Na Saimon, alipomaliza tu kusema shikamoo, aliambiwa waziwazi.

"Ukishindwa kumwelewa mzee huyu, chukua baiskeli yako."

Ndiyo maana Careen, aliyesimama mlangoni na sinia, hakuthubutu kuingia. Alimpenda Saimon, na baiskeli yake, na hadithi zake za viazi. Bila yeye hakutaka mtu.

Mzee Baltazar aliendelea. Kilikuwa Kijerumani kitamu jamani, cha kuvuta, kinapanda na kushuka. Katikati alijipiga kifua, akajipiga tena, kwa uchungu mkubwa. Watu wakatikisa vichwa kwa kustaajabu, mzee anaijua lugha ya watu mpaka inamuuma. Hata Bibi Asumpta, mama yake Mzee Oswald, aliyekuwa anasinzia mkekani, midomo ilianza kumcheza.

Saimon alizidi kuinama. Mabega yakaanza kumtikisika. Careen akajua analia, na roho ikamuuma sana. Baba yake akamgeukia kwa lile jicho la si nilikuambia.

"Umeelewa nilichosema?" Mzee Baltazar aliuliza, safari hii kwa Kiswahili. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni.

Saimon akainua uso. Machozi yalikuwepo kweli. Akamtazama mzee, mzee naye akamtazama. Kisha kijana akatoa maneno yake, ya haraka, makavu, hayafanani hata chembe na yale ya mzee. Careen aliisikia tofauti hiyo, akalitua sinia chini. Yamekwisha.

Mzee Baltazar alijifuta jasho la shingo.

"Oswald," alisema, "mpe binti. Huyu amesoma. Amenizidi hata mimi."

Nyumba ikalipuka vigelegele. Mzee Oswald, ambaye dakika chache nyuma alikuwa tayari kuitoa ile baiskeli nje kwa mikono yake, sasa alikuwa anamwita Saimon daktari wangu. Ulanzi ukamiminwa. Saimon alimpelekea Mzee Baltazar kibuyu kwa mikono miwili, akamwinamia, akasema mbele ya wote kwamba kwa muda wote aliokaa Leipzig hakuwahi kukutana na Kijerumani kama kile. Mzee aliushika mkono wa kijana, asitake kuuachia.

Careen, anacheka huku anajifuta machozi, alimpelekea bibi kikombe chake. Akamkuta ameamka kabisa, uso umemchangamka.

"Mjukuu wangu, na mimi nipelekeni chuo huko Ujerumani," alisema Bibi Asumpta. "Kumbe lugha yao ni ileile ya padre, ya misa ya zamani, ya kujipiga kifua, kabla hawajatuletea ya Kiswahili. Mbona yote naijua!"